Ukurasa wa Pili

Mtoto aliimba. Mambo yalianza kwenda kombo hapo, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua. Alikuwa ndani ya beseni, povu hadi kidevuni, mtoto wa miaka miwili na miezi miwili ambaye maneno yake yote ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono na vidole vikabaki. Mara akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea, wote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya chini kama mtu mzima anayeogopa kumwamsha mwenzake. Mama yake akaacha kumsugua. Wimbo ule hakumfundisha yeye.

Mama mwingine angecheka, angemwita mumewe aje asikie maajabu. Huyu hakucheka. Huyu alikabwa na kijiba cha roho pale pale, sabuni mkononi, kwa sababu alijua, au tuseme alidhani anajua, wimbo umetoka wapi.

Ulitoka kwa Mama Wote. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita yule mwanamke wa nyumba ya nne, mwenye geti la buluu, aliyekuwa akilea watoto wa watu tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mama Wote! Kuna majina ya utani yanayochoma, na hili lilimchoma mama yake Kidoti kila alipolisikia. Kidoti mwenyewe aliitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi juu ya mdomo, na alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya miaka saba ya kulia chooni. Miaka saba, halafu mwingine anaitwa Mama Wote.

Kila asubuhi Kidoti alijirusha kutoka mikononi mwa mama yake kabla hata geti halijafunguliwa. Kila jioni alilia akirudishwa kwao. Na Jumatano moja akajikwaa pale getini, goti likachubuka, wanawake wawili wakainama kwa pamoja kumfungulia mikono. Mtoto akampita mama yake mzazi akaenda kujificha kwenye kifua cha mlezi, akilia, "Mama, mama." Mlezi aliona aibu, akasema watoto wote humwita hivyo, wala si neno. Mama Kidoti akatabasamu. Ukitaka kujua tabasamu la namna ile lilivyo, mtazame mtu aliyekanyagwa kidole na mkwe wake.

Sasa balaa ni kwamba mama huyu hakuwa mtu wa kununa tu na kumaliza. Kazi yake ilikuwa kukagua leseni. Kila aliyetaka kulea watoto wa watu katika mji ule, nyumbani au kwenye jengo, vyeti vyake vilipita mezani kwake: cheti cha mafunzo, cheti cha afya, barua ya polisi, cheti cha huduma ya kwanza. Miaka kumi na moja alikuwa hapo. Ofisini walimwita Kalamu Nyekundu, na walezi walipomwona barabarani walirekebisha kola za mashati. Alikuwa na utaratibu wake. Alikwenda kukagua saa saba mchana, watoto wakiwa wamelala, maana nyumba yenye watoto waliolala haiwezi kuigiza. Alivua viatu mlangoni, akahesabu viatu vya watu wazima, ndipo akahesabu vichwa. Na faili alilisoma kuanzia ukurasa wa pili, wenye wadhamini na mahali pa kazi. Aliwaambia wageni wote wa ofisi ile kwamba waongo humaliza nguvu zao ukurasa wa kwanza.

Faili la Mama Wote halikuwa lake. Kanuni ilikataza kabisa mkaguzi kumkagua anayemlea mwanawe, kwa hiyo lilikuwa kwa mwenzake wa meza ya dirishani. Lakini mwenzake alikuwa likizo, na droo yake haikuwa na kufuli. Mama Kidoti alilitoa Alhamisi, akalisoma akiwa amesimama. Vyeti vyote viko sawa, vyote! Alikaribia kulia kwa hasira. Mwisho akapata kidoa kimoja: mlezi anayefanya kazi peke yake haruhusiwi zaidi ya watoto sita, na Mama Wote sasa alikuwa na wanane. Nafasi ya msaidizi kwenye fomu ilikuwa tupu.

Ijumaa saa saba alikuwa getini. Mama Wote alimfungulia akiwa na kitambaa cha vyombo begani, akashangaa, kisha akaona fomu mkononi akampisha. Mkaguzi akavua viatu. Mlangoni palikuwa na jozi moja tu ya viatu vya mtu mzima. Sebuleni vigodoro vilikuwa vinane, vimepangwa vizuri, mashuka safi, dirisha wazi. Watoto saba walikuwa wamelala, na wote saba, hata yule aliyelala kwa tumbo, walikuwa wamegeuzia nyuso zao upande mmoja, kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Kigodoro cha Kidoti hakikuwa na mtu.

Kwanza ilimjia harufu, ya maziwa ya mama, yale ya siku za kwanza, matamu na mazito, katika nyumba isiyokuwa na mwanamke anayenyonyesha. Kisha akasikia mlio wa kiti cha kubembea. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Alichungulia akamwona mwanamke amekaa kwenye kiti kile, amempa mgongo, nywele zimesukwa vizuri, shingo ndefu. Begani mwake amelala Kidoti, mdomo wazi, mikono inaning'inia, amelegea kwa raha ambayo mama yake hakuwahi kumpa hata siku moja. Mwanamke alikuwa akiimba. Ulikuwa wimbo ule wa kwenye beseni.

Roho ilimuuma hadi macho yakaingia ukungu. Hakuogopa, na hilo likumbukeni. Pale pa kuogopa, yeye aliona wivu. Alirudi sebuleni akamuuliza mlezi kwa sauti ya ofisini ni nani yule msaidizi na vyeti vyake viko wapi.

Mama Wote hakugeuka hata kutazama mlangoni. Uso wake ulikauka. Alimshika mkaguzi mkono akamvuta hadi jikoni, akafungua bomba la maji ili sauti zao zifunikwe.

"Hapa niko peke yangu," alisema.

"Nimemwona kwa macho yangu. Amembeba mwanangu."

"Najua umemwona. Mimi namwona tangu mtoto wako aanze kuja." Alizidisha maji ya bomba. "Mama Kidoti, nakuomba. Usimuulize vyeti. Usimwite msaidizi. Mimi simsemeshi, simpi mtoto, simpi hata kikombe kushika, na asipopewa kazi huwa anakaa tu halafu anakwenda zake. Andika kwamba nimezidisha watoto. Nifungie kituo leo hii, nitakubali. Lakini yule usimwandike."

Mtu mwenye akili zake timamu, mlezi akimwomba amfungie kituo, angejiuliza mara mbili. Mama Kidoti alisikia jambo moja tu: kuna siri kuhusu mwanawe, na siri hiyo anayo mwanamke huyu. Alipiga hatua tatu hadi chumba cha nyuma akausukuma mlango. Kidoti alikuwa amelala sakafuni, juu ya mto, peke yake. Hapakuwa na kiti. Mkaguzi akaona kwamba wamemfanyia mchezo, kwamba yule mwanamke ametorokea dirishani. Akachukua kalamu nyekundu, na kwenye nafasi ya msaidizi akaandika: *Yupo. Mwanamke mmoja, ameonekana akimlea mtoto kwa ustadi.* Neno ustadi aliliandika ili kumkomoa Mama Wote. Mlezi alisoma, akafunga bomba la maji, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Jumatatu asubuhi faili jipya lilikuwa mezani kwake. Mhudumu wa mapokezi alisema limeletwa na mwanamke mstaarabu sana, sauti laini, ananukia kama chumba cha mzazi aliyejifungua jana. Mkaguzi akauliza sura yake. Mhudumu akafikiri, akakunja uso, akafikiri tena, akasema ni ajabu, lakini alichokumbuka ni mgongo wake tu wakati anatoka. Alisema nini? Alisema ameshaonwa, kwa hiyo sasa anaweza kuja.

Lilikuwa faili la msaidizi anayeomba leseni ya mlezi kamili. Ukurasa wa kwanza ulipendeza kupita kiasi. Mafunzo yapo. Afya ipo. Barua ya polisi ipo, na mhuri wake bado umelowa. Penye picha palikuwa na uso wa mwanamke ambao kila ukiutazama unahisi umewahi kuuona asubuhi kwenye kioo, ila mwanga ulikuwa umeingia vibaya. Penye miaka ya uzoefu paliandikwa: *tangu zamani.*

Alipaswa kugeuza ukurasa. Miaka kumi na moja aliufungua ukurasa wa pili kabla ya wa kwanza, akawapigia wadhamini simu mmoja mmoja, hata wale wa vijijini ambako simu hushikwa na jirani. Siku ile akili yake ilikuwa kwenye geti la buluu. Alijua kuwa akimfungia Mama Wote bila mbadala, wazazi wa watoto wanane watakuja juu, na bosi atauliza faili lilifikaje mezani kwake. Ila akiwepo mlezi mwingine mwenye vyeti, leseni huhamishwa kwa sahihi moja na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo akapiga tiki pale palipoandikwa *ukurasa wa pili umehakikiwa*, akatia sahihi, akagonga mhuri. Harufu ya maziwa ilipanda kutoka kwenye karatasi hadi ikambidi afungue dirisha.

Siku iliyofuata barua ya kufungiwa ilifika geti la buluu, na Mama Wote akabandua leseni yake ukutani na kufunga geti. Watoto wakatawanywa kwa bibi zao na shangazi zao. Yule mlezi mpya atafanyia kazi wapi, Mama Kidoti hakujishughulisha kuuliza, maana alichokitaka amekipata. Aliomba likizo ya wiki mbili akae na mwanawe, wawili tu, mpaka mtoto ajue mama ni nani. Alijiona mshindi. Mumewe, fundi wa friji, mtu wa maneno machache, alimwambia tu kwamba yule mama wa geti la buluu alikuwa hana kosa.

Siku ya kwanza ya likizo Kidoti hakulia hata kidogo. Hakumuulizia Mama Wote, hakwenda mlangoni. Alicheza kimya, na mama yake akafurahi moyoni kwamba amemsahau haraka kuliko alivyofikiri.

Siku ya pili, mama akiwa jikoni anakoroga uji, alisikia kitu chumbani. Kwii, kwaa. Katika nyumba ile hapakuwa na kiti cha kubembea, hapajawahi kuwa. Alizima jiko akasikiliza, kukawa kimya. Alipofika chumbani na bakuli, Kidoti alikuwa ameshiba, mdomo umepanguswa, shavuni ana tone moja jeupe. Uji wa mama yake aliukataa kwa adabu, akisukuma kijiko kwa kidole kimoja, kama mgeni anavyokataa akiwa ameshakula kwao.

Siku ya tatu mumewe alipitia nyumbani mchana kuchukua bisibisi. Jioni akamshukuru mkewe kwa kumtafuta yule dada. Mke akauliza dada gani. Mume akasema huyo aliyekuwa akimwogesha mtoto saa saba, amemwona mgongo tu hakutaka kumsumbua, ana mkono mzuri kwa watoto, wewe ulikuwa umelala kochini. Na kweli alikuwa amelala, maana tangu asubuhi kope zilikuwa nzito na kichwani mlikuwa na wimbo. Mama Kidoti alikwenda bafuni akashika taulo la mtoto. Lilikuwa limelowa.

Alijikaza, akafunga madirisha, akaapa hatalala mchana tena. Na siku ya nne, Jumamosi, mume yupo sebuleni na redio yake, jua limejaa ndani, watu wanapita barabarani wanacheka, siku isiyo na sababu yoyote ya kutisha, alimchukua mwanawe mapajani amchane nywele, na mtoto akajikunja, akateleza, akarudi nyuma hadi ukutani. Akamtazama mama yake kuanzia miguuni hadi usoni, taratibu, bila chuki wala hofu, kisha akageuza kichwa kuelekea kona ya chumba pasipokuwa na mtu na kuuliza, wazi, kwa maneno ambayo jana hakuwa nayo:

"Mama, huyu nani?"

Na konani kiti kikaanza kubembea, kwii, kwaa, kwii, kwaa, polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote kwa sababu ameshafika kwake, na harufu ya maziwa ikamjaa mama yule puani na mdomoni na kooni hadi matiti yake mwenyewe, yaliyokauka zaidi ya mwaka, yakauma kwa uchungu wa mtoto asiyenyonya, na alipotaka kumnyakua Kidoti miguu ilikataa, na alipotaka kupiga kelele sauti iliyotoka ilikuwa ya kuimba, wimbo ule ule, naye hakuujua lakini mdomo wake uliujua. Alitoka chumbani kwa magoti. Mumewe alipunguza redio akauliza kama mtoto amelala.

Alikimbia bila viatu hadi geti la buluu.

Mama Wote alimfungulia. Angeweza kumtukana, wallahi, na mimi ningemshikia begi. Hakumtukana. Alimkalisha kwenye ngazi, akamwambia habari kwa sauti ya chini, akitazama vigodoro vinane vilivyokunjwa. Alisema yule ni jini, na mara ya kwanza alimwona kwa bibi yake, ambaye naye alikuwa mlezi. Ni jini jike asiyewahi kuzaa. Hafuati mtoto, anafuata wivu unaomzunguka mtoto. Pasipo na wivu ni kivuli tu, unapishana naye kwenye korido. "Ila wewe ulisimama pale getini kwangu kila asubuhi na uso ule," alisema, "naye kila siku akazidi kunenepa. Halafu ukamwandika. Umempa kazi. Leseni yake inasema afanyie wapi?"

Mama Kidoti alikuwa na nakala kwenye simu. Aliifungua, na kwa mara ya kwanza akasoma ukurasa wa pili. *Mahali pa kazi:* nyumba yao, namba ya nyumba, chumba cha mtoto. *Idadi ya watoto:* mmoja. *Mdhamini:* atapatikana.

"Mimi hirizi sina," Mama Wote alisema. "Bibi yangu alikuwa anasema tu kwamba aliyempa kazi ndiye anayemwachisha. Nyinyi huko ofisini mnamwachishaje mtu?"

Humwendea hapo hapo anapofanyia kazi, mkaguzi akajibu kama anayejibu mtihani, humsomea leseni usoni, humtajia kosa, kisha mtoto hukabidhiwa mlezi mwingine mbele yake.

Walitazamana. Wote wawili walijua mlezi mwingine ni nani.

Walipofika chumbani kwa Kidoti, yule mwanamke alikuwepo, mchana kweupe, amewapa mgongo, Kidoti begani, kiti kinabembea juu ya sakafu ambayo asubuhi ilikuwa tupu. Mume alibaki mlangoni na redio mkononi, rangi imemtoka. Mama Kidoti alisoma. Sauti ilikatika mara tatu, akaanza upya mara tatu. Alipofika kwenye neno *imefutwa*, kiti kikasimama.

"Kosa gani?"

Sauti ilitoka kitini, lakini ilikuwa ya Mama Kidoti mwenyewe. Ilikuwa ile sauti yake ya ofisini, ya saa saba mchana, kavu na yenye adabu, ambayo miaka kumi na moja aliwaulizia wanawake wa watu hadi wakaangalia chini.

"Mtoto ameshiba," ilisema. "Mtoto ni safi. Mtoto halii. Nionyeshe kosa, mkaguzi. Andika ulichokiona."

Na hakika hakuona kosa. Alitafuta, na jasho jembamba likamtiririka mgongoni, kwa sababu katika nyumba zote alizokagua hakuwahi kuona mtoto aliyetulia vile. Akajibu jibu pekee alilokuwa nalo.

"Kosa ni langu. Sikugeuza ukurasa. Nilikuwa na wivu." Alimgeukia Mama Wote. "Mchukue. Mlee. Akikupenda kuliko mimi, basi amekupenda, nami nitakushukuru."

Mama Wote akafungua mikono. Kidoti aliinua kichwa kutoka kwenye bega lile, akapepesa macho kama aliyeamshwa, akatazama wanawake wote watatu mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyoosha mikono yake midogo kwa Mama Wote. Kwa mama yake hakunyoosha. Mama Kidoti aliuma midomo hadi damu, akaacha. Aliacha kweli au aliacha kwa mdomo tu, Mungu ndiye ajuaye, lakini ilitosha. Mtoto alipofika mikononi mwa mlezi alilia, kilio kikubwa cha njaa ya siku nne, na kiti hakikuwepo tena, wala aliyekikalia. Sakafuni ilibaki mikwaruzo miwili iliyopinda.

Mambo yakatulia. Mkaguzi alikwenda kwa bosi akaeleza, si habari ya jini, nani angemwelewa, ila habari ya droo na ya tiki. Alipewa barua ya onyo na faili la Mama Wote likarudi meza ya dirishani. Geti la buluu likafunguliwa tena, safari hii na msaidizi wa kweli, binti mchangamfu mwenye vyeti na viatu vyake mlangoni. Kidoti akamjua mama yake tena, akala uji wake. Kila asubuhi mama alimkabidhi kwa mlezi na kusema asante, na baada ya miezi mitatu asante ile ilianza kutoka bila kukwaruza koo.

Mwezi wa nne ikaletwa bahasha ya kaki. Mhudumu wa mapokezi aliiweka mezani, akasema ni rufaa, na kwamba aliyeileta hakumwona vizuri. Mlezi aliyefutiwa leseni analalamika kuwa hakuonyeshwa kosa lake lolote. Mama Kidoti hakusoma ukurasa wa kwanza. Aligeuza moja kwa moja hadi wa pili. Mahali pa kazi palikuwa wazi. Ila kwenye mdhamini, penye *atapatikana*, safari hii palikuwa na alama: kiganja kidogo cha mtoto, vidole vitano vimetandazwa, kwa wino mwekundu.

Hakumbuki alivyofika geti la buluu. Ilikuwa saa saba. Binti alimfungulia, Mama Wote akainuka kutoka alipokuwa akikunja mashuka, watoto wote wamelala isipokuwa mmoja aliyekaa juu ya kigodoro chake, macho makavu, kama anayemngojea mtu. Mama alipiga magoti akamfungua mkono wa kulia. Wino ulikuwa bado kwenye mistari ya kiganja.

"Nani amekushika mkono, mwanangu? Nani?"

"Hajanishika," Kidoti alisema. "Nimempa mwenyewe."

"Umempa nani?"

Mtoto akamwonea huruma, ndivyo alivyomwangalia, akamgusa shavu kwa vidole vyake vyekundu.

"Anayeimba. Nampenda."

Mama Wote, mashuka kifuani, alimtazama usoni mama yule na kuanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, Mama Kidoti, usifanye hivyo, ogopa, lia, piga kelele, fanya chochote kingine. Lakini alikuwa amechelewa. Kabla hofu haijamfikia, mama wa Kidoti alikuwa ameshahisi kile kitu cha kwanza, chembamba na cha moto, chini ya titi la kushoto. Hata yeye mwenyewe alikijua. Miaka saba nilimlilia, aliwaza, na hajawahi kuniambia mimi hivyo.

Kwenye chumba cha nyuma, kiti kikaanza kubembea.